Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakusanyaji wa Silaha za Kale za Majini, Ala za Kuongozea Meli na Kumbukumbu za Bahari

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka kueleza tulikotoka na tunakokwenda. Nawashukuru kwa kuja kwa wingi. Viti imebidi viongezwe kutoka chumba cha pili, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nishike nafasi hii. Sababu ya wingi huu naifahamu na nitaifikia. Tuanze na ya kawaida.

SHUGHULI ZA MWAKA

Mikutano ya robo mwaka ilifanyika yote minne, kamati ilikaa mara sita, maonyesho yalifanyika, na jarida lilitoka mara mbili badala ya tatu kwa sababu makala hazikuletwa. Katibu alitoa mada nzuri kuhusu vitara vya mabaharia: kile cha Uingereza cha muundo wa 1804 chenye kinga ya mkono ya visahani viwili vya chuma, kile cha Marekani cha 1860, hadi mwaka 1936 jeshi la majini la Uingereza lilipokiondoa kitara katika silaha za kazi na kukiachia gwaride. Majadiliano yalikuwa ya kupendeza, ingawa niliona kwamba kila mwenye kitara cha 1804 anaamini chake kilikuwapo Trafalgar, vita ya majini ya 1805 ambamo Nelson aliongoza meli za Uingereza. Tukivihesabu vyote, Nelson angehitaji meli za ziada za kuvibebea.

Mada ya utunzaji wa chuma kilichotoka baharini niliitoa mimi, na wengi waliniambia ilikuwa ya manufaa. Narudia kwa wasiokuwepo: chuma kilicholala chini ya bahari kimenyonya chumvi hadi ndani, na kikiachwa kikauke, chumvi hiyo hukitafuna na kukipasua kutoka ndani. Hutunzwa ndani ya maji yenye alkali hadi mtaalamu aitoe chumvi kwa umeme, kazi ya miezi na pengine miaka. Mwenzetu mmoja alianika tufe la mzinga juani ili lipendeze. Sasa ana ndoo ya vipande.

Kamati ilinunua kipimo cha mionzi, kinachoazimwa kwa kusaini daftari. Dira na saa nyingi za Vita Kuu ya Pili zilipakwa rangi ya radiamu ili zisomeke gizani. Msidanganyike kwa kuwa haziwaki tena: kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, ila radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Usifungue kioo, usikwangue, usipulizie vumbi lake. Kipimo hicho kiliazimwa mara moja tu mwaka mzima, na aliyekiazima ni mimi.

SEKSTANTI

Sasa niingie kwenye jambo lililowaleta.

Kama mnavyofahamu, kabla ya maonyesho niliagiza sekstanti ya chama, ala ya baharia ya kupimia kimo cha jua au nyota ili ajue alipo, iondolewe kwenye kabati la mbele. Nasema niliagiza kwa sababu muda ulikuwa mfupi. Kamati iliridhia katika kikao kilichofuata na muhtasari upo kwa katibu, anayetaka akausome. Sekstanti hiyo tulizawadiwa na mmoja wa waasisi wetu, ambaye sasa ni marehemu. Picha ya sekstanti hiyo imo kwenye kadi zetu za uanachama, kwenye barua zetu na kwenye bendera ile iliyo nyuma yangu. Tangu siku hiyo nimeitwa msaliti, nimeitwa mwenye wivu, na kwenye kundi letu la WhatsApp nimeitwa jina ambalo sitalitamka mbele ya wageni. Nilinyamaza kwa heshima ya kiti. Leo nitasema.

Kwenye mkono wa sekstanti hiyo yamechongwa maneno haya: "Kelvin & Hughes, London, 1917". Ndugu wanachama, mwaka 1917 hapakuwa na kampuni ya jina hilo. Kulikuwa na nyumba mbili tofauti zilizotengeneza ala za meli, na ziliungana mwaka 1947, pale Kelvin, Bottomley & Baird ilipoungana na Henry Hughes & Son. Fundi wa 1917 angepata wapi jina ambalo lingeundwa miaka 30 baadaye? Maandishi hayo hayo, pamoja na mwaka huo huo, yamo kwenye lundo la mapambo ya shaba yanayouzwa kote duniani. Wachongaji wanajua mnunuzi hupenda kuona jina na tarehe. Ala nyingi za kweli hazina tarehe kabisa.

Mwanachama mmoja, ambaye namheshimu, alisema pengine ala ni ya kweli na jina lilichongwa baadaye na mfanyabiashara mjanja. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana sikuishia kwenye jina. Niliiweka sekstanti mezani mbele ya kamati, nikatoa lenzi yangu ya kukuzia, nikawaita mmoja mmoja waangalie.

Kwanza vernia, kile kipimo kidogo cha kusomea sehemu za digrii. Katika ala ya kweli, mistari ya vernia imebanwa kidogo kuliko ile ya kwenye tao lenye digrii, ili mstari mmoja ukilingana, huo ndio ukupe dakika zako. Katika yetu, mistari imechongwa kwa nafasi zile zile za tao, kwa hiyo ukisogeza mkono, ama inalingana yote au haulingani hata mmoja. Haipimi kitu. Pili vioo. Sekstanti ya baharia ina skrubu ndogo za kurekebisha vioo, kwa sababu ukiweka mkono kwenye sifuri na kutazama upeo wa macho, picha mbili zinatakiwa kuwa mstari mmoja, na zikipishana kidogo unaandika tofauti hiyo na kuiondoa kwenye hesabu. Vioo vyetu vimegandishwa kwa gundi. Mweka hazina aliigusa kwa ukucha ikabanduka. Tatu, na hapa hata wale waliokuja kunipinga walicheka: mpini umefungwa kwa skrubu za nyota. Skrubu hizo ziliingia sokoni miaka ya 1930. Bisibisi ya kuzifungua haikuwepo hiyo 1917.

Wapo wanaosema haya ni mambo madogo na kwamba wageni waliipenda. Dakika moja ya digrii kwenye sekstanti ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Ukikosea digrii nzima umekosea maili 60, na hapo usiku mwamba hauulizi kama ulikuwa na ala nzuri ya kupigia picha. Sisi tunakusanya vitu ambavyo watu walivitegemea wasife. Tukiweka pambo mbele ya kabati na kuliandikia kwamba ni ala, tunawafundisha wageni uongo, na mgeni mmoja anayejua akitokea, kila kitu kingine tulichonacho kitatiliwa shaka, hata vile vya kweli.

Kuhusu marehemu mwasisi wetu, sikumvunjia heshima. Yeye aliinunua kwa nia njema, kama wengi walivyofanya na wanavyofanya hadi leo. Familia yake niliiandikia mwenyewe, na jibu lao lilikuwa la kiungwana kuliko mengi niliyoyasoma kwenye simu yangu.

Kuna na hili la oktanti. Ni kweli kwamba nafasi iliyobaki wazi kabatini ilijazwa na oktanti yangu, ala iliyoitangulia sekstanti. Nani mwingine alijitolea? Niliomba kwa maandishi, nikasubiri, hakuna aliyejibu. Ni oktanti ya mpingo yenye tao la pembe ya ndovu, ya aina iliyotokana na kazi ambayo John Hadley aliionyesha Uingereza mwaka 1731, huku Thomas Godfrey kule Philadelphia akiwa amefikia wazo hilo hilo kivyake. Tao lake ni moja ya nane ya duara lakini hupima hadi digrii 90, kwa sababu kioo kinachogeuka huongeza pembe mara mbili. Maelezo haya yote niliyaandika kwenye kadi pembeni yake, na wageni waliyasoma. Jina langu liliandikwa chini kwa herufi ndogo, kama ilivyo desturi kwa kitu cha kuazimwa. Na kwa kuwa kuna aliyeuliza kuhusu pembe hiyo ya ndovu: ni ya zamani, nyaraka zake ninazo, na haijavuka mpaka wowote bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wenye meno ya nyangumi yaliyochongwa picha za meli nawakumbusha kwamba sheria hiyo inawahusu pia, na kwamba mengi ya meno hayo ni plastiki.

Hivi karibuni limekuja pendekezo kwamba sekstanti irudishwe kabatini ikiwa na maelezo kwamba ni nakala. Napenda ieleweke kwamba pendekezo hilo nililitoa mimi wa kwanza, kwa mdomo, kabla halijaandikwa na mwingine. Kwa sasa ipo kwenye droo ya vifaa vya kufundishia, na kila mwanachama mpya ataonyeshwa.

Matokeo ya uamuzi huo ni kwamba wanachama watatu wamejiuzulu. Nasikitika. Naona pia kwamba kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa amelipa ada.

ADA NA MAHUDHURIO

Hapa niombe utulivu. Mwaka ulianza na wanachama 58, sasa tuko 55. Waliolipa ada yote ni 21, waliolipa nusu ni 9, na ambao hawajalipa chochote ni 25, sita kati yao kwa mwaka wa tatu mfululizo. Makusanyo hayakufika nusu ya bajeti mliyoipitisha wenyewe kwa shangwe. Bima ya silaha na ukumbi wa maonyesho vilimeza thuluthi mbili ya kilichopatikana, na kuchapa kadi mpya zisizo na ile sekstanti kumekula sehemu kubwa ya kilichobaki. Mchanganuo kamili atautoa mweka hazina akiulizwa.

Akidi yetu ni watu 20. Mkutano wa robo ya pili walikuja 11, wa robo ya tatu wakaja 8, mmoja wao mgeni aliyekosea mlango, ambaye kwa kweli alisikiliza hadi mwisho na kuuliza swali zuri kuhusu dira. Kwenye WhatsApp hatukosi akidi hata usiku wa manane. Katiba inasema asiyelipa ada miaka miwili hapigi kura. Kamati imekuwa na huruma, na huruma hiyo leo inakaribia mwisho.

Kronometa ya chama, yaani saa sahihi ya meli, ile Hamilton Model 21, ilikutwa imesimama mara kadhaa. Ni ala iliyojengwa kwenda saa 56 kwa kujazwa mara moja, lakini hujazwa kila siku, saa ile ile, ili mwendo wake usibadilike. Tulipanga zamu. Zamu zangu na za katibu zilitekelezwa. Daftari liko wazi, kurasa nyeupe ni nyingi, na majina ya waliopaswa kuzijaza yameandikwa juu yake.

MATARAJIO

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuendelea na orodha kamili ya mali za wanachama, kuvutia vijana, na kujenga uhusiano na makumbusho. Hali ikiruhusu, siku moja tuandae safari ya Greenwich kuziona saa za baharini za fundi John Harrison, hasa ile ya nne iliyosafirishwa kwenda Jamaica mwaka 1761, au ya Stockholm kuiona meli ya kivita Vasa, iliyozama 1628 na kuopolewa 1961. Gharama zitaangaliwa wakati ukifika.

Suala la kengele iliyoopolewa kutoka meli iliyozama litajadiliwa kwenye mengineyo, lakini nitangulize msimamo wangu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 unakataza biashara ya urithi uliokaa chini ya maji miaka 100 au zaidi. Mwenye kengele alete karatasi zinazoonyesha ilitoka wapi, lini na kwa ruhusa ya nani. Akizileta, nitampigia makofi. Asipozileta, haitawekwa kabatini, hata akileta watu wengi kuliko waliopo leo.

Fomu za uchaguzi ziko kwa katibu. Nimeombwa na baadhi ya wanachama nigombee tena na bado natafakari. Ufunguo wa kujazia kronometa haupo kwenye kisanduku chake tangu robo ya tatu. Aliye nao aukabidhi kwa katibu kabla ya kutoka ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti