Mwacheni rubani aandike kasoro

Ndugu Mhariri,

Ni msomaji wako wa miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile habari yako ya ukurasa wa mbele, ya ndege iliyochelewa baada ya rubani kuandika kasoro ya "taa moja tu", siwezi kuinyamazia. Mwandishi wako alimhoji abiria aliyekosa kikao, akamhoji aliyekosa harusi, akatafuta na wa tatu wa kusema rubani alikuwa na jeuri. Fundi hakumtafuta.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege hapa Uwanja wa Julius Nyerere, kwenye jengo la kwanza, lile la zamani, hadi nilipostaafu. Ndege isiyo na kasoro yoyote ni nadra kuliko mnavyodhani. Kabla ya safari rubani huizunguka, akatazama matairi, taa na vifuniko vya injini, na kwenye ndege ndogo akakinga mafuta kidogo kwenye kichupa aone kama yameingia maji. Akikuta kitu anaandika kwenye kitabu cha ndege. Hapo sasa inafunguliwa orodha iliyoidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inayoeleza kifaa gani kikifa ndege bado yaweza kuruka, kwa masharti gani na kwa muda gani: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Ndiyo maana taa ya ubavuni iliyoungua haizuii safari ya saa nne asubuhi, na taa hiyohiyo inailaza ndege jua likizama.

Kulikuwa na rubani mmoja kijana, kampuni siitaji. Jioni moja alikuta taa nyekundu ya bawa la kushoto imekufa, na safari ilikuwa ya kwenda Unguja na kurudi gizani. Akaandika, akaniita. Balbu stoo hakuna, ikabidi tuitafute kwa jirani. Abiria wakaanza: dakika ishirini tu hizo, kwani angani kuna trafiki? Bwana mmoja wa suti akapiga simu kwa mkubwa, mkubwa akampigia kijana, na maneno niliyoyasikia kwenye ile simu siwezi kuyaandika gazetini. Balbu ilipatikana, wakaenda, wakarudi salama. Wiki iliyofuata ratiba ya kijana ikajaa safari ambazo wenzake hawazitaki. Hakuna aliyemwambia sababu, wala hakuhitaji kuambiwa. Tangu hapo akikuta kasoro mkoani alikuwa haandiki kitabuni. Alikuwa anaandika kwenye kikaratasi, anakitia mfukoni, anakuja kunipa Dar baada ya safari ya mwisho ya siku. Kwa hiyo kutwa nzima kitabu kilikuwa kinasema ndege ni nzima, na rubani aliyeipokea katikati ya siku aliruka nayo akiamini hivyo! Hicho kikaratasi, Mhariri, ndicho mnachokitengeneza mnapomtoa rubani ukurasa wa mbele kwa kuandika ukweli.

Mwaka 1996 ndege ya Aeroperú iliruka kutoka Lima ikiwa na utepe wa gundi juu ya vitundu vya kupimia hewa. Ulibandikwa wakati wa kuiosha, ukasahaulika, na aliyeizunguka hakuuona. Vipimo vya mwendo na kimo vikawadanganya marubani usiku juu ya bahari. Walikufa wote 70. Utepe tu.

Na si angani peke yake. Panda daladala la Gongo la Mboto utazame tairi lilivyokwisha, halafu utazame kioo cha mbele: stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama imekaa vizuri kabisa. Dereva akisimama kukaza nati, abiria ndio wa kwanza kumzomea. Stika zile siku hizi zingefaa wabandikwe abiria.

Ushauri wangu ni huu. Kila Ijumaa mchapishe kisanduku kidogo, karibu na bei za mazao, kionyeshe kila kampuni ya ndege marubani wake wameandika kasoro ngapi wiki hiyo. Itakayoleta sifuri, wakaguzi waanze nayo Jumatatu. Na mwandishi wako aje uwanjani saa saba mchana, apige magoti kwenye lami chini ya bawa na kile kichupa mkononi, kisha atuambie ni sekunde ngapi angependa rubani aokoe.

Fundi mstaafu,
Kipawa, Dar es Salaam