Hewa ya maduka ya pembejeo ipimwe

Mhariri,

Naomba wanaosimamia afya mahali pa kazi wapime hewa ya maduka ya pembejeo hapa Mbeya, ambako muuzaji hushinda kutwa kati ya chupa za viuatilifu, nyingine vifuniko vimelegea. Kipimo kipo, nacho ni spektrometa ya mwendo wa ayoni: molekuli za gesi hupewa chaji ya umeme zikawa ayoni, kisha uga wa umeme huzisukuma ndani ya hewa ya kawaida, na kwa milisekunde zinazotumia kufika, gesi hutambuliwa hata ikiwa sehemu chache katika bilioni. Oganofosfati, kundi la viuatilifu vyenye fosforasi, hunaswa vizuri sana. Ila kirekebishwe kwa mwinuko wetu wa mita 1,700 hivi, kwani katika hewa nyepesi ayoni hukimbia zaidi, na kwa unyevunyevu wa masika, ambao huvuruga majibu.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya