YAH: JINO LA DINOSARIA MLILONIUZIA NI LA WANYAMA WAWILI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu jino moja kwa shilingi 640,000. Tangazo lilisema ni la Carcharodontosaurus, dinosaria mla nyama, kutoka Kem Kem, eneo la visukuku huko Moroko, urefu sentimita 9, "halisi asilimia mia". Lilifika salama na limefungwa vizuri, kwa hilo nawashukuru.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko mkoani kwetu. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ya dinosaria waliyoipata iko Berlin. Meno ya kwetu ni mali ya kale, yanalindwa na sheria, siwezi kuyanunua wala sitaki. Ndiyo maana nikatafuta la Moroko, wanafunzi walishike kwa mikono yao.

Somo lilikuwa juu ya meno na chakula. Jino likazunguka darasani, binti mmoja wa kidato cha tatu akauliza: "Mwalimu, huyu alikuwa anakula nini hasa?" Nikachukua lenzi, nikaona aibu.

Nusu ya nchani sina ugomvi nayo. Ni bapa, kingo zote mbili zina vijino kama vya msumeno, na enameli, lile tabaka gumu la nje, ina makunyanzi karibu na ukingo. Huyo ni Carcharodontosaurus, mkata nyama. Upande wa shina mambo yanabadilika: jino linakuwa la mviringo, msumeno unapotea ghafla, inatokea mifereji ya wima. Hilo ni jino la Spinosaurus, dinosaria mwingine, mshika samaki. Meno yake yamejaa Kem Kem, maana wanyama hawa waliota meno mapya maisha yao yote na kudondosha ya zamani, na bei yake ni ndogo kuliko ya mwenzake. Faida ya kurefusha la ghali kwa la rahisi sina haja ya kuwaeleza wafanyabiashara.

Usiku nilizima taa nikalimulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Mstari wa gundi ukang'aa kuzunguka jino zima. Kisha nikapitisha pamba yenye asetoni, ile ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha, na ule mchanga mwekundu niliodhani ni mwamba ukabanduka. Mwamba wa miaka milioni 95 na dawa ya kucha, wapi na wapi!

Nilipowapigia simu, kijana wenu akaniambia huo ni "ukarabati wa kawaida". Sikubali. Jino likivunjika likaunganishwa na kipande chake chenyewe, huo ni ukarabati; ninayo mawili ya hivyo, na aliyeniuzia alinionyesha ufa kabla sijatoa pesa. Hili lenu limeundwa.

Naomba mnirudishie fedha zote pamoja na gharama ya usafirishaji ndani ya siku 14. Pia mfute maneno "halisi asilimia mia" mpaka mtakapoyakagua meno mengine ya shehena hiyo, na walioyanunua mwaambie.

Jino nitalirudisha. Asetoni imeshamaliza kazi, kwa hiyo mtapokea bahasha mbili, kila moja na jina la mnyama wake.

Mteja wenu,
Mwalimu wa Bayolojia, Lindi