Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Watunza Bustani, Unguja

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Mwaka huu tumepanda miche, tumefanya usafi wa pamoja, tumezikana na tumetembelea wagonjwa. Hayo mnayajua. Ada iliyokusanywa ni shilingi 1,475,000, matumizi 1,210,000 pamoja na dawa ya wadudu na mabomba ya kupulizia, iliyobaki imo benki. Vitabu anavyo mshika fedha.

Linalosemwa sana ni dawa: kwamba mwenyekiti kaamua peke yake kununua dawa ya maji na mabomba mawili ya mgongoni ya lita 15. Naomba lijulikane lilivyokuwa. Mvua za vuli zilipoanza, viwavijeshi waliingia kwenye ukoka wa wateja wetu. Niliitisha mkutano mara mbili, na mara zote mbili akidi haikutimia. Katiba yetu inairuhusu kamati kuamua jambo la dharura, na viwavi humaliza uwanja kwa siku chache. Kamati ikaamua, nami nikasimamia.

Wapo wanaouliza kwa nini tuliiacha dawa ya punje tuliyoizoea. Punje hushuka chini, hutaka kumwagiwa maji, na faida yake kubwa ni kwa funza wanaokula mizizi. Kiwavijeshi anakula jani, tena zaidi usiku. Dawa ya maji inakaa palepale anapokula, ndiyo maana niliagiza tupulize jioni. Wala hatukukisia: kwanza nilimwaga maji ya sabuni kwenye kipande cha uwanja, na viwavi wakapanda juu mbele ya wajumbe wa kamati.

Masharti niliyaweka mimi na nayatetea. Kipimo ni cha kwenye lebo, si kifuniko cha chupa. Kukiwa na upepo au wingu la mvua, hatupulizi. Watoto wasikanyage mpaka pakauke. Visimani hatukaribii, kwani ardhi yetu ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa juu hushukia maji tunayokunywa. Dawa hii ni ya jamii ya piretroidi, sumu za wadudu zinazotengenezwa viwandani, na inaua samaki na nyuki pia. Kwa hiyo hakuna kuosha bomba pwani wala mtaroni, na miti yenye maua haipulizwi. Asumini ndiyo kabisa haiguswi, inachumwa kwa vikuba, yale mashada ya maua ya kujipambia. Na majani ya uwanja uliopulizwa hapewi mbuzi wala ng'ombe. Kuna aliyekwishajaza gunia jioni ile ile. Nilimzuia, akanuna, na bado nasema nilifanya sawa.

Kinachoniuma ni kwamba wanaolaumu zaidi ndio wasiofika mikutanoni, na ada hawajalipa tangu Ramadhani. Tuko wanachama 52, waliomaliza ada ya mwaka ni 19. Glavu na barakoa mnazoazima zimetoka zaidi kwenye mifuko ya hao 19. Sioni haki ya mtu kuuliza fedha ilitumikaje ilhali yake haimo.

Mwakani tunatumaini, Mungu akijaalia, kumpata mtaalamu wa utafiti wa kilimo kutoka Kizimbani atufundishe zaidi, na tukipata uwezo tutafute pahala pa kuhifadhia dawa mbali na makaazi. Kwa sasa imefungwa kwa kufuli stoo kwa katibu, na haitoki bila ya saini yangu.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti