Kuhusu mafunzo ya kutuliza jazba wodini

Mpendwa Rehema,

Nimefurahi mno kusikia kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa kuandaa mafunzo ya kuwatuliza wagonjwa wenye jazba. Kabla hujapanga ratiba nina ombi: usiwaite wauguzi na madaktari peke yao. Walinzi na makarani wa mapokezi ndio hukumbana na hasira ya kwanza, na mlinzi asiyefunzwa aweza kuvuruga kwa kushika mkono tu kile alichokijenga muuguzi kwa maneno.

Anza na chanzo. Anayefoka huenda ana maumivu, sukari imeshuka, oksijeni haimtoshi, au kibofu kimejaa naye hawezi kusema. Mzee aliyekuwa mpole jana na leo anarusha ngumi, mchunguzeni maambukizi kabla hamjamwita mkorofi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa maana mgonjwa akishabandikwa jina hilo, hakuna anayemtazama tena kama mgonjwa.

Kusoma slaidi hakutoshi, wasimame, waigize. Mwongozo wa BETA, uliotolewa mwaka 2012 na wataalamu wa dharura za akili wa Marekani, una mambo 10, na la kwanza ni kumwachia mtu nafasi yake: angalau umbali wa mikono miwili. Mikono yako ionekane, na mlango usizibwe, kwako wala kwake. Aongee mmoja tu. Wengine wote wanyamaze, hata daktari bingwa. Sentensi ziwe fupi, kisha mtu angoje, maana mwenye hofu huchelewa kupokea maneno. Badala ya kumwamuru atulie, mwulize anataka nini, umpe chaguo: akae hapa au aende chumba kisicho na kelele? Liwe chaguo la kweli. Ukimwahidi usichoweza, umempoteza.

Ikilazimu kumshika, asilazwe kifudifudi na kukandamizwa mgongoni. Watu wamekufa hivyo kwa kukosa pumzi. Mmoja akae karibu na kichwa chake, kazi yake iwe kuangalia anavyopumua.

Halafu dai kikao kifupi baada ya kila tukio, bila kutafuta wa kulaumiwa. Muuguzi aliyepigwa apumzishwe na aangaliwe. Asirudishwe kitandani kwa mgonjwa yuleyule kana kwamba kupigwa ni sehemu ya ajira yake. Wakubwa wakisema hakuna muda, usikubali haraka.

Nitumie rasimu ukishaiandika, niisome.

Wako,
Neema