Gitaa lisiegemezwe kwenye spika

Mhariri,

Makanisani na kwenye kumbi za dansi, magitaa bado yanaegemezwa kwenye spika. Mtikisiko wa besi huyatelezesha, na gitaa likianguka chali shingo hupasuka karibu na kichwa, mbao zilipo nyembamba. Magitaa mengi ya umeme aina ya Gibson Les Paul yamo hatarini zaidi: kichwa kimelala nyuma kwa digrii 17, kwa hiyo ndicho kinachotangulia kugonga sakafu.

Viongozi wa kwaya na bendi, nunueni stendi za miguu mitatu zenye kishikio cha shingo kinachofungwa. Tanueni miguu yote hadi mwisho. Chomoeni waya kabla ya kuweka gitaa. Mtu akijikwaa kwenye waya, stendi nayo huangushwa! Vanishi ya nitroselulosi, inayopakwa kwenye baadhi ya magitaa, huharibiwa na baadhi ya mipira inayovikwa kwenye stendi, hivyo funikeni mipira hiyo kwa kitambaa cha pamba.

Mpiga gitaa,
Dar es Salaam