Risala ya Akina Mama Wakulima wa Mwani wa Paje kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Sheha,
Walimu, wazee wetu na wageni waalikwa,
Assalaamu alaykum.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kukubali kutufungulia banda hili la kukaushia mwani. Tunalo ombi, lakini tunakuomba utuvumilie kwanza tueleze mwani ni kitu gani, kwa sababu ombi lenyewe limetokana na umbile lake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwani hudhaniwa kuwa ni majani ya baharini, ilhali hauna mizizi, shina wala majani ya kweli. Muhogo hufyonza maji na virutubisho ardhini kwa mizizi yake. Mwani hujilisha kwa mwili mzima kutokana na maji yanayoupitia, na hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Ndiyo maana tawi dogo tunalolifunga kwa taitai, yaani kikamba chembamba, kwenye kamba iliyowambwa baina ya vigingi viwili hukua bila kugusa mchanga, na baada ya wiki sita hivi huwa tayari kuvunwa. Aina mbili tulizozizoea, spinosamu na kotonii, ni za kundi la mwani mwekundu, ingawa baadhi yake huonekana za kijani au za hudhurungi, jambo ambalo watoto wetu wanaosoma baiolojia wamelazimika kutueleza zaidi ya mara moja.

Upo pia mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaoelea majini na kuliwa na vijidudu ambavyo navyo huliwa na dagaa. Karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani hukadiriwa kutoka kwa viumbe wa baharini, wengi wao wakiwa wa namna hiyo.

Kilimo cha biashara cha mwani kilianza mwaka 1989 hapa Paje na kwa jirani zetu wa Jambiani, kwa mbegu yenye asili ya Ufilipino. Anachokitafuta mnunuzi ni karajinani, ute uliomo katika kuta za seli za mwani, unaouwezesha kupinda na mawimbi bila kuvunjika. Viwandani ute huo hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na soseji ili vipate uzito na kushikamana. Ute wa kotonii huganda kwa ugumu zaidi kuliko wa spinosamu, na kotonii hununuliwa kwa bei kubwa zaidi.

Tatizo letu ni kwamba kotonii haistahimili joto. Maji ya huku baina ya ufukwe na mwamba wa matumbawe ni ya kina kifupi, na yanapokupwa mchana wa jua kali hupata moto kiasi cha kuidhoofisha. Bakteria huishambulia, matawi hugeuka meupe na laini, kisha hukatika. Mmea wenye mizizi ungeweza kuchipua tena, lakini kotonii ikikatika huchukuliwa na maji, na mama anayeshuka shambani siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana, hukuta taitai zinaning'inia tupu. Tumebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo na hupangwa na mnunuzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maji ya kina kirefu hayapati joto upesi, na mkondo wake huuletea mwani chakula bila kukoma. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamejaribu pamoja na wakulima wa Zanzibar kuilima kotonii huko katika nyavu ndefu zinazofanana na mabomba. Kufika huko kunahitaji chombo, nasi hatuna. Zaidi ya hayo, na hili tunalisema kwa haya kidogo, wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka pwani lakini hatujui kuogelea, kwani kazi yetu haijapata kuvuka maji ya kiunoni.

Kwa hiyo tunaomba boti moja, nyavu za kuanzia, makoti ya kuokolea maisha, na mwalimu wa kike wa kutufundisha kuogelea katika siku za maji mafu, ambapo hatuendi shambani.

Naomba kuwasilisha.